Usimwambie Mtu Apumue Kawaida

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kupima moyo, kabla hamjashika hata waya mmoja, kuna maneno mawili nataka myatupe. "Pumua kawaida." Yatupeni kabisa, msiyaokote tena. Ukimwambia binadamu apumue kawaida, hapo hapo anasahau alivyokuwa akipumua tangu azaliwe. Macho yanamtoka, mabega yanapanda, anaanza kuvuta hewa kwa bidii kana kwamba kuna mtihani na wewe ndiye msahihishaji. Halafu unachapisha karatasi, unampelekea daktari, na mnakaa wawili kuisoma hofu ya mtu mkidhani mnausoma moyo wake.

Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi katika hospitali moja hapa Nakuru, mpaka wagonjwa wakanibandika jina la Mama Waya. Jina nililopewa nyumbani ni Rael, lakini hata leo nikipita sokoni utasikia kijana wa mkokoteni akiita, "Mama Waya, niaje? Moyo wangu bado uko?" Namjibu uko, ni akili tu ambayo sijui aliiacha wapi.

Sasa sikilizeni. Chumba chetu kilipakana na chumba cha eksirei. Kule mgonjwa anaambiwa, "Vuta pumzi! Shikilia! Usipumue!" Watu wetu ni watiifu sana wakishavuliwa shati. Mtu anatoka kule, anaingia kwangu, analala kitandani, namfunga waya mikononi na miguuni, nawasha mashine, naye kimya kimya anashikilia pumzi. Kwake yeye hospitali ni hospitali, na sheria ya chumba kimoja ni sheria ya vyote. Kulikuwa na mzee mmoja wa kule Gilgil, aliyekuwa mwanajeshi zamani, mgongo umenyooka hata akiwa amelala. Nikaona uso unageuka rangi. Nikamuuliza, "Mzee, mbona hupumui?" Akanijibu kwa sauti ya kubanwa, "Bado sijaruhusiwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini karatasi yake haikuwa ya kuchekesha. Mapigo yalikuwa yamepangwa sawasawa, nafasi kati ya pigo na pigo haibadiliki hata unywele, na mtu asiyejua angedhani huo ndio uzuri. Moyo mzima si saa ya ukutani. Ukivuta hewa, moyo unakaza mwendo kidogo, ukiishusha, unapunguza. Basi ukitazama karatasi ya mtu mwenye afya utaona mapigo yanasogeleana, yanaachana, yanasogeleana tena, na hilo si ugonjwa, ni kawaida ya moyo. Mtu akishikilia pumzi, mchezo huo unasimama. Akipumua haraka haraka na juu juu, unafifia. Uzee nao unaupunguza, sukari ikikaa mwilini muda mrefu inaupunguza, hofu pia. Kwa hiyo karatasi iliyonyooka, ya mapigo yasiyopishana, inaweza kuwa imebeba jambo kubwa, na inaweza kuwa ni mzee wa Gilgil anangoja ruhusa.

Haya yote alinifundisha Mzee Kanti.

Jina lake kamili Kantilal, Mhindi wa hapa hapa, kazaliwa Nakuru, baba yake alikuja na kazi ya reli. Alianza kama fundi wa redio mjini, hospitali ikamwita atengeneze mashine zilizoharibika, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyezielewa, wakamwachia azitumie pia. Alikuwa mtu mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Hasira zake zilikuwa karibu sana. Siku yangu ya kwanza nilibadilisha waya, wa mkono wa kulia nikauweka wa kushoto. Aliitazama karatasi, akanitazama, akapiga kelele, "Wewe msichana! Huyu mzee umemgeuza nyuma mbele! Sasa moyo yake iko wapi? Kwa jirani?"

Mgonjwa mwenyewe akashtuka akajishika kifua kuhakikisha.

Nililia chooni. Saa ya chai Mzee Kanti akaja na chupa yake, chai ya tangawizi kali kama yeye, na chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa dengu na karanga za kukaanga, kwenye kipande cha gazeti. Akaweka mbele yangu, akasema, "Kula. Kesho utakosea ingine." Ndivyo alivyoomba msamaha, na nilikuja kujua kwamba hana namna nyingine. Nilimpenda mzee yule, na ninasema hivyo bila kuona haya.

Alinifunza kitu ambacho hamtakikuta kwenye vitabu vyenu. Unachukua pamba kidogo, nyuzi mbili tatu tu, unaibandika kwa jeli ya waya juu ya mdomo wa mgonjwa, chini ya pua. Hewa ikitoka, pamba inapeperuka. Hewa isipotoka, pamba imetulia. "Kifua ni mwongo," aliniambia. "Kifua inaweza kupanda kama mkate, na ndani hakuna hewa imeingia. Usiangalie kifua. Angalia pua." Siku hizi mna mikanda ya kufunga kifuani inayohesabu pumzi yenyewe, na ni mizuri, mimi sisemi. Lakini stima ikipotea, pamba bado iko.

Na alikuwa na nadharia yake. Alisema, "Rael, mtu mpole, moyo yake inacheza. Mtu ya hasira, moyo yake inapiga kwata." Nikamuuliza, "Na wewe je, Mwalimu?" Akaruka, "Mimi? Mimi sina hasira! Nani amesema mimi nina hasira?" Mgonjwa aliyekuwa kitandani, haki ya Mungu, karatasi yake ilichafuka kuanzia pale mpaka mwisho.

Shida ni kwamba nadharia ile haikukaa vizuri. Alikuja bibi mmoja Kalasinga, mama mkwe wa watu wa duka la vipuri, ambaye mtaa mzima ulimwogopa. Aliingia akimfokea mwanawe, akanifokea mimi kwa sababu jeli ni baridi, kisha akafumba macho akaanza kusali kwa kunong'ona, neno moja, pole pole, tena na tena. Mapigo yake yakaanza kupishana vizuri ajabu, yanaenda na kurudi, kama ya msichana. Siku hiyo hiyo akaja mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Molo, mtu mpole hata nzi hamfukuzi, anapunga tu hewa kando yake. Moyo wake, kwata tupu! Mzee Kanti alishika karatasi mbili akazigeuza geuza. "Hii dunia imeharibika," akasema.

Aliyekuja kutufungua macho alikuwa Daktari Nekesa, mwaka wa 2007. Alikuwa mwanamke mtulivu, mrefu, viatu vya raba, mwenye kuuliza swali halafu akangoja jibu kwa kweli. Alitaka kujua kama tabia ya mtu, ukali au upole, inaonekana kwenye kupishana kwa mapigo. Mzee Kanti wakati huo alikuwa amestaafu, lakini kila wiki alikuja kutusalimia na kutukosoa. Alimweleza daktari habari ya bibi na mwalimu wa kwaya kana kwamba ni kesi mahakamani.

"Mzee, yule bibi alipumua mara ngapi?" Daktari Nekesa akamuuliza.

"Mara ngapi? Alikuwa anasali!"

"Ndiyo. Sala ilimpunguzia pumzi. Alipumua pole pole, kwa kina, kwa hiyo moyo ukapata nafasi ya kwenda na kurudi. Na mwalimu wa kwaya?"

Mimi ndiye niliyejibu. Mwalimu alikuwa na kifua, baridi ya Molo imemkalia, anavuta pumzi fupi fupi.

"Basi hapo mlilinganisha pumzi," akasema daktari. "Tabia ipo, sikatai, ina sehemu yake. Lakini pumzi inaifunika. Kama hujui mtu alivyokuwa akipumua, usiseme lolote kuhusu moyo wake kuwa mkali au mpole."

Mzee Kanti alibishana naye mpaka chai ikaisha. Alipotoka aliniambia mlangoni, "Huyu msichana anajua kazi." Kwake huo ulikuwa wimbo wa sifa. Tangu siku hiyo tukawa tunafanya hivi: kwanza mgonjwa analala tu bila kuambiwa neno la pumzi, tunamwachia azoee chumba. Kisha daktari anainua mkono polepole, mgonjwa anavuta. Anaushusha, mgonjwa anatoa. Kila mtu kwa mwendo ule ule, mkali na mpole, ndipo unalinganisha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa sababu najua mmeanza kutazama simu.

Mnajua mwaka wa 2008 ulianzaje hapa kwetu baada ya uchaguzi. Sitaki kuyachimbua yote. Kulikuwa na moshi, barabara zimefungwa, watu wamejaa uwanja wa shoo na magodoro yao. Mzee Kanti na mkewe walikaa gorofani kwao, juu ya duka la vitambaa, wakagawana unga na majirani. Siku moja akiwa kwenye foleni ya maziwa alipatwa na kizunguzungu akakaa chini. Habari ikamfikia binti yao, Hansa, aliye Uingereza. Hansa alikuwa ameona televisheni usiku na mchana, na hilo la kizunguzungu likammaliza. Akapiga simu, akasema: baba, mama, mnafunga nyumba, mnahamia kwangu, mara moja na kwa wote. Chumba kiko tayari. Kimebaki kitu kimoja, daktari wa moyo aandike barua kwamba baba anaweza kukaa kwenye ndege saa zote hizo.

Mambo yakiwa yametulia kidogo, Mzee Kanti akaja kuniambia. Alikaa kwenye benchi la koridoni, kofia magotini.

"Rael, huko hakuna mtu ya kugombana naye."

"Kivipi, Mwalimu?"

"Kila kitu iko na bei. Imeandikwa! Nyanya iko na karatasi, imeandikwa bei. Unachukua, unalipa, unaenda nyumbani. Hapa mimi naenda soko ya Bondeni asubuhi, yule mama ya nyanya ananiita mwizi, mimi namwita mwizi, tunamaliza, ananiongeza moja. Ananiuliza mama yuko aje. Huko nitafanya nini na asubuhi?"

Nikamwambia, basi mwambie Hansa hutaki. Aliniangalia kama nimemtukana. Mzee huyu, aliyewapigia kelele madaktari wakuu, aliyemfukuza mkaguzi wa mashine kwa bisibisi, hakuweza kumwambia binti yake neno "hapana". Nilidhani hayo yameishia pale kwenye benchi.

Walikuja kupimwa, yeye na mkewe. Huyo tulimwita Mama Hansa, mwanamke mdogo wa mwili, mkoba mkubwa, anayependa watu. Yeye alitaka kwenda. Hakuwa ameona mjukuu wake ila kwenye picha. Alikaa nje, nikamlaza Mzee Kanti kwenye kitanda kile kile alichokuwa akiwalaza wengine. Nilifunga waya, akanikosoa wa kifuani, nikausogeza, akanikosoa tena, nikaurudisha pale pale akasema sasa ni sawa.

Karatasi ikatoka imenyooka. Tukamwacha azoee, imenyooka. Daktari Nekesa akainua mkono, kifua cha mzee kikapanda, akaushusha, kikashuka. Imenyooka vile vile. Nilimwona daktari akikunja uso, na si mtu wa kukunja uso ovyo. Akamwambia kwa upole kwamba hapendi anachokiona, kwamba atapima sukari na damu, kwamba barua ya ndege haiandikwi kwa sasa, na kwamba baada ya majuma mawili warudie kipimo, kikiwa hivi hivi ataanza kumpa dawa.

"Sawa, daktari," akasema Mzee Kanti.

Hakubishana. Vijana wangu, hapo ndipo nilipoogopa. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemsikia mzee yule akisema "sawa" bila kuongeza "lakini". Nilijua moyoni kwamba anaondoka, kwamba tunamzika. Nilimfungua waya nikiwa natazama kando asinione machozi.

Majuma yale mawili Mama Hansa alikuja kwangu zaidi ya mara moja. Alikuwa ameambiwa mzee asikasirishwe, naye akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Aliondoa chumvi, akaondoa samli, akaondoa pilipili. Na, kubwa kuliko yote, akampiga marufuku kwenda Bondeni kununua nyanya. "Akienda atagombana," akaniambia. "Akigombana atakufa." Alinunua nyanya mwenyewe, kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Halafu akashika mkono wangu. "Rael, usiku sipati usingizi. Naweka mkono kwa kifua yake. Nahesabu. Nikilala, nani atahesabu?" Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, na yeye ndiye aliyehitaji daktari.

Majibu ya damu yakaja. Sukari sawa, kila kitu sawa. Daktari Nekesa akaisoma tena karatasi ya kwanza, akaniambia, "Tukirudia, niangalizie pumzi yake vizuri."

Siku ya kurudia, nikachukua pamba. Mzee Kanti alipoiona mkononi mwangu, alijua. "Hiyo ya nini?" akauliza. Nikamwambia ni utaratibu tu, Mwalimu, wewe ndiye uliyenifunza. Nikaibandika juu ya mdomo wake, katikati ya masharubu meupe. Daktari akainua mkono. Kifua kikapanda, kikubwa, kizuri, kama mkate. Pamba haikutikisika. Mkono ukashuka, kifua kikashuka. Pamba imetulia tu. Alikuwa amefunga koo, anapandisha mbavu bila hewa, na akihitaji hewa anaiba kidogo kidogo, juu juu, tusipomtazama. Mwalimu wangu! Nimesikia habari ya mficha maradhi, lakini mficha uzima nilimwona yeye wa kwanza.

Tukatazamana. Daktari alikuwa ameielekea mashine. Nikasema, "Daktari, waya mmoja umelegea, nipe nafasi kidogo nirekebishe." Akanitazama, akamtazama yeye, akatoka. Nadhani alielewa zaidi ya nilichosema.

"Mwalimu," nikamwambia, "pua."

Akatoa ile pumzi yote. Pamba ikaruka ikatua kwenye miwani.

"Usiseme, Rael," akanong'ona. Sikuwahi kumsikia akinong'ona. "Mimi nakuomba."

"Kwa nini unafanya hivi? Daktari alikuwa anataka kukuanzishia dawa ya ugonjwa usio nao!"

"Sikia. Baba akisema sitaki kuja kwako, sitaki kuona mtoto yako, huyo ni baba gani? Hata mbwa hafanyi hivyo. Lakini baba mgonjwa..." Akafungua viganja. "Baba mgonjwa hana makosa. Hansa hana makosa. Daktari amekataa. Basi."

Nilikasirika. Ndiyo, mimi, na yeye ndiye aliyenifunza kukasirika vizuri. "Na Mama Hansa? Unajua halali?"

"Nani halali? Anakoroma usiku mzima!"

"Anajifanya kukoroma ili udhani amelala. Ameweka mkono kifuani kwako anahesabu. Kila usiku, Mwalimu! Kumbe nyumba nzima mnadanganyana kwa pumzi!"

 Mdomo wake ukaanza kutetemeka, masharubu yakatetemeka. "Mimi nilidhani mkono ni ya mapenzi," akasema.

"Ni ya mapenzi, wewe mzee! Ni ya nini kingine?"

Mlango ukafunguliwa. Mama Hansa aliingia na simu mkononi, daktari nyuma yake akijaribu kumzuia kwa adabu. Hansa alikuwa kwenye laini, hawezi kungoja, anataka kujua daktari amesema nini. Daktari akaanza kusema kwamba bado hatujamaliza. Mzee Kanti akanyoosha mkono wenye waya.

"Lete."

Walizungumza Kigujarati. Miaka niliyokaa naye nilikuwa nimeokota cha kutosha, hasa matusi, na kilichonipita Mama Hansa alinisimulia baadaye. Kwanza alimsikiliza binti yake, anaitikia tu, ndiyo beta, ndiyo beta, yaani ndiyo mwanangu. Nilikuwa nimesahau kuzima mashine, karatasi inaendelea kutoka, na sikuitazama. Nilimtazama yeye. Halafu akasema, "Hansa. Moyo wangu hauna kitu. Nilimdanganya daktari. Sitaki kuhama."

Mama Hansa akaketi kwenye kiti changu bila kuangalia kama kipo.

Sauti ya Hansa ilisikika hata kwetu. Baba, unasema nini? Baba, mbona hukusema tangu mwanzo? Mzee Kanti akavua miwani, uzi ukamnasa sikioni, akaufungua polepole.

"Hukuniuliza, beta," akasema. "Uliniambia."

 Kisha tukasikia Hansa analia, na mzee naye analia, waya zikimtetemeka kifuani. Alimwambia kwamba anampenda, kwamba anampenda mtoto ambaye hajamwona, kwamba si kwamba Nakuru ni bora kuliko wao. Alimwambia amezaliwa hapa, na mwezi ule wa moto jirani zake hawakumwacha, na yeye hataki kuwa wa kwanza kuacha. Hayo sikuyahitajia tafsiri, niliyaona.

Mama Hansa akasimama. Alichukua simu mkononi mwa mzee, na kwa mkono mwingine akampiga begani na ule mkoba, pu! Daktari Nekesa akasogea mbele, kisha akarudi nyuma. "Majuma mawili!" Mama Hansa akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Majuma mawili nimekula chakula bila chumvi!" Akampiga tena. Ndipo akamkumbatia kichwa, waya na vyote, na kwenye simu akamwambia binti yake, "Mimi nakuja. Kumwona mtoto. Nitakaa mpaka nichoke, halafu narudi kwa huyu mwongo."

Daktari Nekesa alingoja kila mtu apanguse uso. Halafu akamkaripia, kwa sauti ile ile ya utulivu, na ilikuwa mbaya kuliko kelele. Akamwambia dawa zile zingemshusha mwendo wa moyo bure, na kwamba mgonjwa mwingine alikosa nafasi kwenye kitanda hiki kwa ajili ya mchezo wake. Mzee Kanti alisema sawa, daktari, lakini. Daktari akamwambia hakuna lakini. Nilipolisikia hilo "lakini" lake, nilicheka peke yangu kwenye kona.

Tukarudia kipimo. Nikabandika pamba mpya. Mkono wa daktari ukapanda polepole, ukashuka polepole, na pamba ikapeperuka, ikatulia, ikapeperuka. Mapigo yakaanza kusogeleana na kuachana. Si kama ya kijana, hapana, mzee ni mzee. Lakini kwa umri wake yalikuwa yanakwenda na kurudi vizuri kabisa. Kizunguzungu cha foleni, daktari akasema, kilikuwa ni njaa na jua na mawazo. Mama Hansa alisimama karibu na mashine akifuata mistari kwa kidole, ingawa hakujua inasema nini.

Daktari akakunja karatasi. "Mzee, moyo wako ni mzima. Unafaa kusafiri. Lakini sasa umeshakataa kwenda, kwa hiyo barua sidhani kama unaihitaji."

Mzee Kanti alikuwa anafunga vifungo vya shati, amevikosea, upande mmoja juu mwingine chini.

"Andika," akasema. "Andika yote, kwamba mimi ni mzima, naweza kupanda ndege hata kesho. Nataka Hansa asome. Mimi si mgonjwa. Mimi nimekataa tu."